Kitambaa cha Fundi Saa

Mtaani wananiita Kengele, na sikatai. Nilipika katika shule ya bweni mpaka nikastaafu, na mtu aliyezoea kutuliza bweni zima kwa mwiko mmoja hawezi kujifunza kunong'ona uzeeni. Lakini asubuhi ile, mbele ya mlango wa jirani yangu, sauti ilinikauka.

Nianze na vitambaa. Manispaa yetu nimeitukana sana kwa habari ya mitaro na taka, ila kwa sisi wazee ilikuwa imefanya jambo la maana. Ilitufungulia ukumbi wa kukutana, wenye drafti, chai na muuguzi wa kutupima presha. Na kila mzee anayeishi peke yake alipewa kitambaa cha njano. Ukiamka salama unakitundika mlangoni kwa nje, jioni unakiingiza ndani. Kila asubuhi Dada wa Ustawi, ofisa wa manispaa, hupita mtaani na raba zake akitazama milango. Akiona njano, anakuamkia kwa sauti na kwenda zake.

Na asipoiona? Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwaka jana, mama aliyekuwa akiuza mkaa mwisho wa mtaa hakutundika kitambaa siku mbili mfululizo, na wiki ile ile binti yake akaja na gari akamhamishia kwake, mbali. Wazee tukajumlisha moja na moja. Ukisahau, manispaa inamwita mwanao, na mwanao anakuja kukubeba kama godoro. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Dada wa Ustawi, maana kuuliza ni kujitaja.

Jirani yangu Fundi Saa alikuwa ameanza kusahau. Yeye ametengeneza saa za watu miaka na miaka, ana ulimi mkavu, na haijapita siku bila kunichokoza. Mkewe alipofariki, mwanawe wa pekee alitaka kumchukua akaishi naye ghorofani, katika mji ambako mzee hamjui hata muuza magazeti.

"Kule nitakuwa mgeni mpaka nife," aliniambia. "Hapa hata mbwa wananisalimia."

Basi nikafanya lililo ndani ya uwezo wangu. Nilinunua kitambaa cha rangi ile ile, nikakata vipande, nikavikunja kwenye droo. Siku akisahau, natoka mapema, natundika kimoja mlangoni kwake, narudi ndani. Tena si mimi tu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimtundikia shangazi yake, na tulikuwa tukitazamana tu bila kusema kitu.

Asubuhi ile mlango wa Fundi Saa ulikuwa mtupu na Dada wa Ustawi keshafika kwenye kona. Nilitoka mbio, kwa kadiri magoti yangu yanavyoelewa mbio, nikatundika, nikakimbilia ndani. Nikamsikia akiita, "Fundi, shikamoo! Naona umeamka salama!" Kisha raba zikaendelea na safari. Nilicheka peke yangu jikoni, najiona mjanja. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Nilikuwa nimetenda, nikaenda zangu kuchemsha chai.

Chai ikaiva. Kwa kawaida Fundi Saa hukohoa dirishani kudai kikombe chake kabla sijaepua sufuria. Siku hiyo hakukohoa. Nikajiambia amelala. Nikamwagilia maua niliyokuwa nimekwisha kuyamwagilia. Nikaenda kugonga, nikapata kimya. Makubazi yake yalikuwa kizingitini, yote mawili, na mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Kwa hiyo alikuwamo.

"Mzee gani huyu analala kama bwana harusi!" nilisema kwa sauti, nikitumaini atanijibu kwa maneno ya shombo. Hakujibu.

Nikarudi kwangu, nikaketi, nikasimama, nikatoka tena. Niliogopa mpaka mikono ikawa baridi. Nikipiga kelele, mtaa utajaa, Dada wa Ustawi ataitwa, siri ya vitambaa itatoka, na Fundi Saa atabebwa kupelekwa huko kwenye ghorofa la mwanawe. Nitakuwa nimemuuza mwenyewe. Na kama amelala tu? Ataniona mwehu, na ataondoka mtaani kwa sababu ya wasiwasi wangu. Nikanywa chai yake ili nipate cha kufanya.

Nikagonga mara ya tatu, safari hii kwa ngumi, nikabandika sikio mlangoni. Sikusikia kitu ila moyo wangu mwenyewe. Hapo nikatoa simu.

"Shikamoo bibi," Dada wa Ustawi aliitikia. "Mbona unahema?"

"Fundi Saa hafungui mlango."

"Lakini kitambaa chake nimekiona, bibi."

"Kile si chake. Ni changu."

"Nakuja," akasema.

Alikuja mbio, nyuma yake seremala wa pale kona na mtaimbo begani. Seremala akaanza kuuchokonoa mlango. Dada wa Ustawi akanigeukia, jasho linamtiririka.

"Amekuwa akisahau tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na hukuniambia?"

"Ungemwita mwanawe aje amchukue. Kama yule mama wa mkaa."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Mtaa mzima unajua!"

"Yule mama alimpigia binti yake mwenyewe, bibi. Alitaka kuishi na wajukuu." Aliongea polepole, kama mtu anayeogopa kukasirika mbele ya mkubwa wake. "Kitambaa kisipokuwepo, mimi nagonga. Nisipojibiwa, navunja. Basi, hakuna lingine. Mzee ana ruhusa ya kusahau. Ndiyo maana napita."

Nilitafuta neno la kumjibu, mimi Kengele, nikalikosa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," seremala akasema bila kugeuka.

"Wewe vunja mlango!" nikamfokea.

Komeo likang'oka. Fundi Saa alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu, mguu mmoja umekaa vibaya. Macho yalikuwa wazi, na yakapepesa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikapiga magoti hapo hapo nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Chini ya kiwiko chake kulikuwa na kitambaa cha njano, kile cha manispaa. Siku hiyo hakuwa amesahau. Alikuwa njiani kwenda kukitundika.

"Pole, Fundi," Dada wa Ustawi alisema huku akipiga simu ya gari la wagonjwa. "Umeanguka saa ngapi?"

"Alfajiri." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. Kisha akanitazama mimi. "Nilisikia ukija mlangoni. Nikakuita, Kengele. Nikakuita tena. Ukaondoka."

Nikakitoa kile kitambaa chini ya kiwiko chake.

"Halafu huyu binti akaniamkia," akaendelea. "Nikamwitikia marahaba. Naye akaondoka."

Dada wa Ustawi alishusha simu, akageuza uso ukutani. Seremala akatoka nje na mtaimbo wake. Mimi nililia kama mtoto, bila haya, nikamfunika blanketi mpaka mabegani, nikambembeleza maji kijiko kwa kijiko. Alikuwa hai, mguu ungetibika, kila mtu aliniambia hivyo. Haikunituliza hata kidogo. Nilikuwa nikimsikia sasa, tangu alfajiri, akiniita nyuma ya ule mlango.

Gari la wagonjwa lilifika. Walipomlaza kwenye machela, mhudumu alisimama mlangoni mwa gari.

"Anapanda mmoja tu, tena awe ndugu. Ndugu yake nani hapa?"

"Ana mwanawe, lakini yuko mbali," Dada wa Ustawi alianza.

Fundi Saa aliinua kidole kutoka kwenye blanketi, akanielekeza.

"Huyu hapa," akasema. "Ila mwulizeni kwanza kama leo hana haraka."

Nikapanda. Njia nzima, kila gari liliporuka shimo, aliita jina langu kwa ile sauti nyembamba, akanyamaza kusikiliza, na mimi nikaitika.