Nilikaa Ndegeni Kama Gunia la Mbaazi

Mnadani Karatu walisema kuna mama mmoja aliyeshushwa kwenye ndege akiwa amekaa wima, amekufa, shuka kifuani, na wahudumu walidhani amelala tu. Habari hiyo aliniletea jirani yangu Sabina, nami nimebakiza siku chache nisafiri.

"Alilala, Mama Felista. Alilala, basi, hakuamka."

"Wa wapi huyo?"

"Wengine wanasema Mbulu, wengine Endabash. Wewe usilale, dada."

Nilicheka, lakini haikutoka kichwani. Nikipepeta maharage, namwona yule mama. Nikisali, namwona.

Mwanangu Felista alikuwa anapika kwenye loji moja kule Ngorongoro kabla hajaolewa Marekani. Sasa alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hana mtu wa kumkanda maji ya moto wala kumkorogea uji. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kumlea, na nilitaka nifike mzima. Basi nikajiwekea sheria. Sitalala. Sitakunywa maji, kama tunavyofanya kwenye basi la Mwanza, usije ukamsumbua dereva asimame ukachimbe dawa porini. Na pesa nitaziviringisha kwenye kitambaa nikifunge chini ya goti, nikikaze barabara, mwizi asifike.

Ndege ya kwanza nilikaa na kijana wa Kimaasai wa kule Arash, anaitwa Lekoko. Yule hakai! Anasimama, anakwenda mpaka nyuma, anarudi, anakunjua shuka lake, anakwenda tena.

"Baba, umepoteza nini huko nyuma?" nikamuuliza.

"Sijapoteza kitu, yeyo, mama yangu. Nyumbani una ng'ombe?"

"Ninao wawili."

"Akilala chini kutwa nzima, unamwacha?"

"Namwinua. Nisipomwinua miguu inakufa."

"Sasa wewe atakuinua nani?"

"Mimi si ng'ombe, mwanangu!"

"Kweli. Ng'ombe angalau anajaribu kusimama."

Tulicheka mpaka watu wa mbele wakageuka. Nilicheka, sikusimama. Tulipobadilisha ndege yeye akashika njia yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu hasa.

Niliwekwa dirishani. Kando yangu mtu na mkewe, Wazungu, wamelala midomo wazi. Niwaruke watu wazima waliolala? Niliona haya. Shuka na mto nilivyopewa nikaviacha ndani ya nailoni yake, nikihofia nitaulizwa bei. Maji yakipita natikisa kichwa. Madirisha yamefungwa, giza, na nje jua linawaka, hata sijui ni saa za wapi. Usingizi ukinichukua namwona yule mama, nashtuka. Kumbe hao wa kando yangu walilala, wakaamka, wakala, wakaenda chooni, wakalala tena, wala hawakufa. Hilo sikulifikiria. Mguu wa kushoto ukaanza kuuma, nikasema ni uzee, nikaupakatia mkoba.

Felista alinipokea uwanjani, mtoto kifuani. Nilitaka nimkimbilie, mguu ukakataa.

Nyumbani kwake nilipokifungua kile kitambaa, Felista alipiga kelele. Kuanzia pale nilipofunga kwenda chini, mguu ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Ule mwingine ni mguu wangu wa kila siku. Niliitazama miwili ile nikahisi mmoja ni wa mtu mwingine. Na nikivuta pumzi, kifua kinachoma.

Hospitali, daktari anauliza, Felista ananitafsiria.

"Anauliza ulisimama mara ngapi ndegeni."

"Sikusimama."

"Hata kwenda chooni, mama?"

"Sikunywa maji, choo cha nini?"

Daktari akaongea kirefu. Felista akaanza: damu imeganda mguuni, kipande kimekatika, kimepanda mpaka kwenye mapafu, na kama kingekuwa kikubwa zaidi... Machozi yakamdondokea mtoto.

"Kingekuwa kikubwa zaidi ingekuwaje, Felista?"

Mpaka leo hajanitafsiria. Nilielewa mwenyewe. Nusura niwe yule mama wa mnadani, na mimi nilikuwa macho njia nzima.

Nilikwenda kumlea mzazi. Mzazi mwenye kidonda tumboni ndiye aliyenikorogea uji mimi. Mjukuu wangu niliwekewa kifuani nikiwa kitandani, mkono mmoja una sindano, naogopa hata kumkumbatia.

Akina mama wenzangu wa Rhotia na Karatu, watoto wenu watawaita. Nendeni, lakini epukeni haya:

Kukaa bila kusimama. Waliokuzibia njia waamshe, watanuna kidogo, watalala tena.

Kukataa maji. Choo kimo humo humo, hakuna dereva wa kuombwa.

Kufunga chochote kinachobana mguuni au kiunoni.

Kukunja miguu au kuibebesha mizigo. Hata ukiwa umekaa, chezesha nyayo.

Kujilazimisha kukesha. Lala, ukiamka simama.

Vidonge vya usingizi vya kupewa na jirani, na pombe.

Kuogopa shuka na mto. Sikuona mtu akilipishwa.

Kuondoka bila kumuuliza daktari, hasa ukiwa na umri wangu au umepasuliwa karibuni.

Kunyamazia mguu mmoja unaovimba, au kifua kinachouma ukivuta pumzi. Usiseme ni uzee.