Kinamama Saba wa Sura Moja

Mume wangu, Sarwidi, alifunga na kufungua geti la reli hapa Klaten mpaka alipostaafu, na hakuna aliyewahi kumlaghai akapita. Hata mkuu wa wilaya alingoja treni ipite kwanza. Ndiyo maana nilicheka peke yangu siku nilipomsikia akimwomba mjukuu wetu amwibie mpunga.

Mpunga wenyewe haukuwa wa kuliwa. Ulikuwa wa kwenye kompyuta. Mjukuu wetu Wening, anayefanya kazi mjini Yogya, alituachia kompyuta yake ya zamani, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa shamba. Unapanda, unapalilia, unavuna, unajaza ghala. Unacheza peke yako, hushindani na mtu. Ukipata mpunga wa kutosha na majirani saba wa kukusaidia kupika, kijiji cha mle ndani kinakufanyia karamu ya mavuno, wali wa njano umepandishwa kama mlima. Mzee wangu aliitamani karamu ile kuliko alivyoitamani ya harusi yetu.

Mchezo ni wa mtu mmoja, lakini kujisifu kunataka wawili. Jirani yetu Tukiyo naye anao, kwenye kompyuta ya mwanawe. Kila asubuhi wakinywa kahawa barazani ni mpunga wangu, mpunga wako, utadhani kuna mwenye hata jaruba moja. Siku moja Sarwidi akajisahau, akasema, "Jumapili njoo uone karamu yangu. Nisipoifanya, Mendung atakaa kwako mpaka Idi."

Mendung ni tetere wake. Kila kukicha anampandisha na kizimba chake juu ya mlingoti wa mwanzi, kwa kamba na kapi, halafu anakaa chini kumsikiliza, shingo imepinda, uji unapoa. Nimezeeka naye mzee huyu, na hajawahi kuacha uji upoe kwa ajili yangu.

"Hiyo ni kamari, Baba Lasmi," nilimwambia, kwa jina la mtoto wetu.

"Si kamari. Ni kumwazima ndege."

"Na ukishindwa?"

"Nani kasema nitashindwa?"

Ghala ndilo lililosema. Jumamosi ilipofika, mle ndani mlikuwa na magunia ya kuhesabika kwa vidole, na mpunga mwingine ulikuwa unaozea shambani kwa kukosa wavunaji. Wening alikuwa amekuja kututembelea. Babu yake akamvutia kiti.

"Wening, hii namba ya magunia anaiandika nani?"

"Mchezo wenyewe, Mbah," akajibu, maana ndivyo anavyomwita babu yake. "Inawekwa kwenye faili."

"Na hilo faili lina kufuli?"

"Halina."

"Basi si wizi. Geti likiwa wazi, mtu anapita."

Mimi nilikuwa namenya vitunguu. "Ukishaiba mpunga," nikasema, "usisahau na kuku wa mchuzi."

Wening akacheka, akafungua faili, akaitafuta namba, akaifuta, akaandika tisa, tisa, tisa, mpaka nafasi ikaisha. Akaurudisha mchezo. Ghala limejaa, magunia yametokeza juu ya paa. Sarwidi akashika kifua kwa furaha. Halafu akaona maandishi ya chini: wasaidizi, sifuri.

"Mbona huna hata mmoja, Mbah?" Wening akauliza. "Si huwa wanakuja wenyewe mlangoni?"

"Wanakuja, ila hawana nia. Wanauliza kivivu."

Wening hakuelewa, na hakupata nafasi ya kuuliza, maana babu yake alikuwa ameshaomba na wasaidizi waandikwe. Akapitia watu wote wa kijiji kile. Aliyempenda Sarwidi kidogo alikuwa mama mmoja tu, mnene, wa blauzi ya njano. Basi Wening akamnakili, wakawa saba.

"Kesho asubuhi watakubishia hodi wote," akasema.

"Saba wa sura moja?" nikauliza.

"Tutasema ni ndugu," akajibu Sarwidi.

Jumapili Tukiyo alikuja amenyoa, amevaa saruni mpya, na mkononi ana kitambaa cha kufunikia kizimba.

"Nimekuja nacho tu, Kang," alimwambia Sarwidi, maana humheshimu kama kaka yake. "Nyumbani panya wangekitafuna."

Akainama kwenye kompyuta. Akalitazama lile ghala kwa muda mrefu.

"Mpunga umestawi, Kang."

"Mvua zilikuwa nzuri."

"Kwangu hazikufika. Na ukuta wetu ni mmoja."

Nikageuza uso nisionekane.

Mle ndani mlango ukabishwa. Mama wa blauzi ya njano akasimama kizingitini, maandishi yakatokea: "Habari za asubuhi. Naweza kukusaidia kazi?" Chini yake vitufe viwili, kimoja Ndiyo, kingine Hapana, asante. Sarwidi akajiweka sawa, akainamisha kichwa kidogo kama afanyavyo mbele ya wageni, akabonyeza Hapana, asante. Mama akapunga mkono, akaenda zake.

Akaja wa pili. Hapana, asante. Akaja wa tatu.

"Hawa wamezaliwa tumbo moja?" Tukiyo akauliza.

"Ni ndugu."

"Hata alama ya shavuni iko pale pale."

"Damu yao ni nzito."

Mimi sikuona kosa lolote. Mtu akiuliza akusaidie, unamwambia asijisumbue. Akiuliza tena, unamwambia kazi yenyewe ndogo. Akiuliza mara ya tatu, hapo ndipo unampa kisu na kikapu cha vitunguu. Ukikubali mara ya kwanza watasema ulikuwa unamvizia. Ndivyo tulivyolelewa sote.

Walipofika sita, Wening akatoka jikoni na mwiko wa kukaangia.

"Mbah, unawakataa?"

"Nawakataa kwa adabu. Wakirudi kuuliza nitawapokea."

"Hawarudi. Aliyetengeneza mchezo huu si mtu wa huku. Ukisema hapana, kwake ni hapana."

Kule juu Mendung akalia mara moja.

"Hata mara ya pili hawaulizi?"

Sauti ile haikuwa ya Sarwidi. Ilikuwa ya Tukiyo. Sote tukamgeukia, naye akaanza kukunja kitambaa chake.

"Kumbe na wewe?" nikasema.

"Tangu mwaka jana, Yu," akasema, maana mimi kwake ni dada mkubwa. "Nilidhani kijiji changu kimejaa watu wenye kiburi."

Yule wa saba alikuwa bado amesimama mlangoni. Sarwidi akapeleka kidole, kikarudi. "Siwezi, Mama Lasmi," akaninong'oneza. "Mbele ya mgeni." Basi nikafuta mkono nikabonyeza Ndiyo mimi mwenyewe. Yule mama akaingia, akakaa peke yake katikati ya magunia yote yale, na maandishi yakasema wasaidizi hawatoshi, karamu imeahirishwa.

Sarwidi akainuka. Akaenda mlingotini, akalegeza kamba, akamshusha Mendung taratibu, kama alivyokuwa akishusha geti zamani.

"Mtama umpe asubuhi tu," akasema. "Asipigwe na mvua. Akinyamaza sana, mpigie mluzi, atakujibu." Hapo sikuwa na utani wowote mdomoni. "Chukua, Tukiyo. Nilisema mwenyewe."

Tukiyo akarudi nyuma akipunga mikono. "Ah, hapana, Kang. Ulikuwa mchezo tu. Abaki kwake."

Sote tulijua kinachofuata. Sarwidi angesema chukua, nitaona vibaya usipochukua. Tukiyo angekataa tena, angelalamika, mwisho angemchukua ndege huku akisema analazimishwa. Kitambaa alikuwa ameshakikunjua.

Sarwidi akaitazama kompyuta. Akamtazama ndege.

"Sawa," akasema, akavuta kamba.

Kapi likalia kwi kwi kwi, Mendung akapanda mpaka kileleni. Wening akakimbilia jikoni na mwiko wake, mabega yakimtikisika. Tukiyo alibaki pale pale, mikono imefunguka nusu, kitambaa kinaning'inia.

Nikamwonea huruma. Nikaleta sahani ya tempe, vipande vya soya vilivyokaangwa, bado inatoa moshi.

"Tempe, Tukiyo?"

Akafungua mdomo kuniambia nisijisumbue. Nilimwona. Halafu akatupa jicho kule juu ya mlingoti.

"Ndiyo," akasema haraka. "Ile kubwa."