Uzi wa Kumfikia Mkuu

Fundi alisukuma waya taratibu kupitia pembe ya kioo iliyovunjika, shavu lake likigusa nondo za dirisha. Waya wenyewe ulikuwa hanga tatu za nguo alizozinyoosha na kuziunganisha, akauzungushia uzi mnene wa pamba uliolowa maji. Ncha ilipita juu ya mmea wa shubiri uliokaa hapo dirishani, ikavuka meza, halafu ikaanza kuinama kama shingo ya mtu anayesinzia. Ikagusa sakafu.

"Fundi," alisema Kinyozi kutoka mlango wa pili, "hapo unavua samaki au unaiba?"

"Ningekuwa naiba ningeanza na wewe. Njoo unishikie chupa."

Kinyozi alikuja, kitambaa cha kazi begani, akachungulia ndani. Kwenye kona ya mbali, juu ya stuli, alikuwepo Mkuu.

Mkuu alikuwa mmea wa majani mapana, uliopandwa kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini. Jina alipewa na Mwalimu, mama mstaafu aliyepanga chumba hicho, kwa kuwa mmea huo ulihama naye shule nne, na kila ukikosa maji ulikuwa ukinuna mbele za watu. "Wakuu wengine wote wa shule niliwaacha hukohuko," alizoea kusema. "Huyu tu ndiye aliyenifuata." Sasa Mkuu alikuwa amepita kununa. Majani yalilala juu ya ukingo wa ndoo, pembe zake zimekuwa rangi ya chai.

Mwalimu alikuwa na siku kumi na saba hospitalini. Alipokuwa anaondoka alimwachia Fundi ufunguo na daftari, kila mmea na ukurasa wake, na Fundi alilifuata neno kwa neno. Siku ya tano akaja mtoto wa kaka yake Mwalimu, akatia kufuli lake mwenyewe, akarudi kazini kwake mbali na ufunguo mfukoni. Fundi hakumlaumu. Mara ya mwisho shangazi yake alipougua, jiko la gesi liliota miguu. Kwenye simu kijana alijibu kwa adabu: "Jumamosi nakuja, dada. Hayo ni maua tu, hayakimbii." Jumamosi mbili zilikuwa zimeshapita. Na mwenye nyumba alishatamka kwamba atakayegusa kufuli hilo atajibu kwa kila kitakachokosekana ndani.

"Nyundo ninayo," alisema Kinyozi, kama alivyosema jana na juzi.

"Na mimi cherehani ninayo. Nataka kuendelea kuwa nayo."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo ilivyo. Lakini Fundi alikuwepo, na bado mkono haukufika. Mwanzo alijaribu kwa chupa ya kupulizia maji ya Kinyozi. Maji yaliishia kwenye shubiri, na ukurasa wa shubiri ulisema: *Mwache. Mara moja kwa mwezi inamtosha.* Katika chumba kizima, aliyekuwa karibu ndiye pekee asiyehitaji kitu. Jana akajaribu uzi, upande mmoja ndani ya chupa, upande wa pili ukining'inia, asubiri maji yatambae yenyewe. Hayakutambaa. Fundi cherehani wa miaka ishirini kazini, anayejua shati lipi litanyonya jasho na lipi litamchoma mteja, alikuwa amechukua uzi wa nailoni.

"Umeliona jani lile la juu?" Kinyozi aliuliza. "Bado lina kijani."

"Nimeliona."

Alikuwa akilitazama tangu aliporudi kutoka hospitalini mchana. Huko alimkuta Mwalimu amelala kwa ubavu, sauti imepungua.

"Mkuu anasemaje?"

"Yupo, Mwalimu."

"Ananuna?"

"Kidogo."

"Akinuna mpe maji, wala usimbembeleze. Ataamka mwenyewe." Mwalimu alipumzika kidogo. "Kesho niletee jani lake moja, mwanangu. Nataka kulishika tu. Humu kila kitu ni cheupe."

Hapo palikuwa mahali pa kusema kwamba kufuli jipya limemzuia kuingia. Lakini muuguzi alikuwa amesimama hapo, na Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsifia mtoto wa kaka yake, jinsi anavyomjali na jinsi alivyofunga chumba chake. Fundi alisema, "Sawa, Mwalimu." 

"Inua chupa," alimwambia Kinyozi. "Juu zaidi."

Aliuvuta waya, akaukunja ncha mara mbili ili iwe ngumu, akausukuma tena, safari hii kwa kuuegemeza mgongoni mwa kiti. Ukapita meza. Ukapita kiti. Ukafika kwenye ndoo, ukagusa udongo kidogo tu.

"Tulia hapo," Kinyozi alinong'ona. "Penye nia pana njia, hata kama ni ya upana wa kidole gumba."

Tone moja lilionekana likijikusanya kwenye uzi. Halafu uzi ukazidi kulowa, ukazidi uzito, na waya ukateleza. Ncha ilishuka ikilinyofoa lile jani la juu, ikaliangusha chini.

Fundi alilinasa jani kwa ncha ya waya, akaliburuta sakafuni, polepole, hadi likafika chini ya dirisha, likapotea nyuma ya ukuta, upande wa ndani, ambako hakuna jicho wala waya wa kulifikia.

"Fundi umeme hupita hapa asubuhi," Kinyozi alisema baadaye. "Ana yale mabomba membamba ya kupitishia nyaya. Hayapindi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, akiamka vizuri."

"Saa za kuwaona wagonjwa ni saa sita."

"Basi una muda wa saa nne."

Mwanga chumbani ulikuwa umebaki kwenye shubiri peke yake. Fundi alivuta uzi wote nje usije ukaidondoshea maji usiku kucha, akaukunja, akauzamisha ndani ya chupa ili kesho usianze ukiwa mkavu. Waya aliufunga kwenye nondo. Kisha akachungulia mara nyingine, akahesabu majani yaliyobaki, akapoteza hesabu, akaanza upya.