Pole Tatu

Chai yangu ya asubuhi huinywa nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi, kikombe nimekificha kando ya kompyuta ili wageni wasikione. Huwa ni mafunda manne. Funda la kwanza napitia orodha ya wanaoondoka, la pili namsikiliza mlinzi akinisimulia nani alirudi amelewa, la tatu nahesabu funguo. La nne huwa limeshapoa. Siku ile sikufika la tatu.

Kwanza lilishuka sanduku. Liliteremka ngazi moja baada ya nyingine, bu, bu, bu, kama mtu aliyechelewa safari, likafunguka katikati ya ukumbi na kumwaga mashati madogo meupe ya watoto wa shule. Kisha akashuka mwenye sanduku.

Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye mwili na maneno mengi. Alikuwa amelala kwetu siku mbili akingoja kuonyesha kazi yake kwa watu waliotangaza zabuni ya sare za shule. Jana yake jioni alinikalisha kwenye kochi la mapokezi, akanipa shati moja. "Tafuta uzi uliochomoza, mwanangu. Ukiupata, shati ni lako." Nilitafuta hadi kwenye kwapa. Sikuupata, naye akacheka mpaka mlinzi akachungulia.

Sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono, akatazama mashati, akanitazama mimi.

Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele yake, sketi ikinywa maji ya deki. Nilimshika mguu, sijui kwa nini mguu. "Pole, mama," nilisema. "Pole. Pole sana." Machozi yalinitoka kabla yake.

Maji yale ya deki nilikuwa nayajua. Hapo ndipo shida yangu yote ilipo.

Tuna kibao cha njano cha plastiki, kinasimama kwa miguu miwili, kimeandikwa Sakafu Imelowa. Mama wa usafi alipiga deki ngazi za chini saa mbili na dakika arobaini, akakisimamisha kibao pale pale panapotakiwa, akasaini daftari lake. Dakika tano baadaye akaingia Mjomba.

Mwenye hoteli ni mjomba wangu, kaka yake mama. Ndani ya geti namwita Bosi. Akija kwetu Jumapili na kuvua viatu mlangoni, anarudi kuwa Mjomba. Ndiye aliyenisomesha baba alipofariki, na nilipomaliza chuo na kuzunguka miezi minane bila kazi, ndiye aliyenipa koti la umeneja. Kibao kile hakukipenda tangu kinunuliwe. "Kinaifanya hoteli yangu ifanane na choo cha stendi," alikuwa akisema. Asubuhi ile alikuwa anawatarajia wageni wa maana, na hata hakusema kitu. Alikitazama kibao, akanitazama mimi, akainua kidevu. Basi. Nikakichukua nikakiweka nyuma ya mlango wa stoo. Mama wa usafi aliniona, akainamia ndoo yake. Ngazi zilikuwa bado zinang'aa.

Chuoni tulisoma sheria za hoteli muhula mzima. Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali la mgeni aliyeteleza bafuni. Nililijibu kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri, nikapata alama ya juu kuliko wenzangu wote, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Umeelewa wajibu wa meneja. Nilielewa kweli. Meneja anayeijua hatari na kuiacha, kosa ni lake. Na ukurasa wa kwanza wa faili letu la usalama una jina langu na sahihi yangu. Ambacho hatukufundishwa ni namna ya kukiandika kidevu kwenye ushahidi.

Baada ya gari la wagonjwa kuondoka, niliokota mashati, nikayakunja moja moja, nikayapeleka hospitali pamoja na sanduku. Jioni nikajaza fomu ya tukio. Palipoandikwa "Hatua zilizochukuliwa na meneja" nilijaza: Nilimpa mgeni huduma ya kwanza. Niliita gari la wagonjwa. Nilimpa pole mara tatu.

Nilidhani ndiyo kazi, kuandika kila kitu. Nakala moja, kama utaratibu unavyotaka, nikamtumia mgeni.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya wakili wake. Ilisema kwamba mkono wa mteja wake umewekwa chuma, kwamba vidole vitatu havikunjiki, kwamba zabuni imekwenda kwa mtu mwingine. Halafu ikasema kwamba meneja alikiri kosa papo hapo kwa kumwomba mteja msamaha mara tatu, kama fomu yake mwenyewe inavyothibitisha. Mwishoni waliambatanisha maelezo ya fundi, na ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo nimeishika kichwani mpaka leo: "Aliyenipa pole alilia kuliko mimi niliyevunjika."

Mjomba alinisomea sentensi hiyo mara mbili, ofisini kwake, mbele ya wakili wetu.

"Ulilia?" aliuliza.

"Ndiyo, Bosi."

"Unalia kazini kama umefiwa?"

Wakili wetu alikuwa mzee mwembamba asiyekosa pipi ya mnanaa mdomoni. Alimtuliza Mjomba kwa kiganja, akanigeukia.

"Binti, mtu asiyekujua akijikwaa barabarani, unamwambiaje?"

"Pole."

"Jiwe ni wewe uliyeliweka?"

"Hapana."

"Jirani akirudi kutoka kazini, unamwambiaje?"

"Pole na kazi."

"Wewe ndiye uliyemwajiri?"

"Hapana."

"Na mimi nikikuambia pole na jua, jua ni mimi niliyeliwasha?" Alihamisha pipi kwenda shavu la pili, ameridhika. "Pole ni huruma. Samahani ndiyo kukiri. Wewe ulisema pole. Asante Mungu kwa mama aliyekulea. Sasa twende kwenye kibao. Kiliwekwa?"

"Kiliwekwa, lakini..."

"Hiyo lakini iache nyumbani. Daftari la usafi linasemaje?"

"Kibao kimewekwa."

"Umeona? Kabla ya mahakama tutakaa na msuluhishi, na sitaki mtu aseme uongo mbele yake. Uongo una kazi, lazima uukumbuke. Ukweli mfupi unatosha." Akaanza kukusanya makaratasi yake. "Na kuanzia leo usiongee na yule mama. Usimpigie, usimtumie ujumbe, usimpelekee hata ua."

Alipotoka nilibaki nimesimama. Sauti yangu ni ndogo siku zote. Darasani walikuwa wakiniambia niongee na wao, nisiongee na daftari. Nilijikaza.

"Mjomba, kibao..."

Nilimwita Mjomba ndani ya geti, na hakunisahihisha. Aliniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Mwanangu, siku ile mimi nilikuambia neno lolote?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Hapana."

"Basi. Hapa wanakula watu kumi na saba. Na mama yako." Akachukua kalamu, akaendelea na kazi zake.

Mama wa usafi nilimkuta stoo anakamua deki. Nilitaka tu aseme kwamba aliona, ili nisiwe peke yangu. "Mimi, dada meneja, ni wa ndoo," alisema bila kugeuka. "Macho niliyaacha kwangu." Kisha akaongeza taratibu, "Na wewe ungeyaacha kwenu."

Shati nililipata mwezi uliofuata, tulipovuta rafu ya mizigo ili ipigwe rangi. Moja tu, limejaa vumbi, mkono mmoja umekunjwa ndani. Nililifua kwa mikono yangu nikalipiga pasi. Nilimpigia wakili kuuliza kama naweza kulirudisha. "Kurudisha ni mawasiliano," alisema. "Liache." Nililiweka kwenye droo ya kaunta, na kila asubuhi nikiivuta kuchukua funguo, lilikuwa pale, dogo, kola imesimama.

Siku moja mchana simu ya mapokezi ikalia.

"Haloo. Ni mimi, yule aliyezigonga ngazi zenu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe, mliaji wangu. Sikia, mashati yangu yalikuwa kumi na mawili. Nimepanga na kupangua, ninayo kumi na moja. Nikasema nikuulize, labda limebaki huko."

Droo ilikuwa wazi mbele yangu. Mlinzi alikuwa anatazama. Nilisema nilichofundishwa: "Tafadhali, mama, wasiliana na wakili wetu."

"Mwanangu, hata shati lina wakili?"

Alingoja, kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningemngoja mtu aliyenifanyia vile, kisha akasema haya, kazi njema, akakata. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Nyumbani mama alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilimweleza yote, kuanzia kidevu mpaka shati. Aliendelea kukunja. Alipofika kwenye koti langu la kazi alilishika kwa muda.

"Huyo ni kaka yangu," alisema. "Na wewe ni mwanangu. Usiniulize." Akalitundika koti mlangoni.

Kikao cha usuluhishi kilifanyika katika chumba kidogo chenye meza ndefu na feni iliyokuwa inalalamika. Msuluhishi, mama mwenye miwani, alieleza kwamba hapo si mahakamani. Tukishindwa kuelewana ndipo kesi itakwenda mbele. Fundi alikaa ng'ambo ya meza na wakili wake. Walipompa kalamu asaini mahudhurio, aliipokea kwa mkono wa kushoto na kuchora jina lake polepole kama mtoto wa chekechea. Wa kulia ulikuwa juu ya meza, vidole viwili vimekunjika, vitatu vimenyooka, kana kwamba vinaonyesha njia.

"Usiogope," aliniambia aliponiona natazama. "Haung'ati. Huu ndio uliokuwa mume wangu, ndio unaolisha nyumba. Sasa ni mume mlevi, naulisha mimi."

Hakuna aliyejua kama acheke.

Wakili wetu alianza. Alisoma daftari la usafi: deki, saa mbili na dakika arobaini, kibao kimewekwa, sahihi. Kisha akafika kwenye pole. Akaleta jiwe la barabarani, akaleta jirani, na alipofika kwenye jua na nani aliyeliwasha, chumba kizima kilicheka. Hata msuluhishi. Hata fundi alicheka, mabega yakimtikisika, na niliona tumeshinda. Mimi nilikuwa natazama vile vidole vitatu.

Kicheko kilipoisha fundi aliinua mkono wa kushoto, kama mwanafunzi. Msuluhishi akamruhusu.

"Mimi nimepewa pole nyingi," alisema. "Za msiba, za homa, za foleni. Nazijua zilivyo. Mtu anakupa huku anapita. Huyu binti alipiga magoti majini akanishika mguu." Akanigeukia. Sauti yake haikuwa na hasira, na ningependa ingekuwa nayo. "Mwanangu, sheria waachie hawa. Mimi nakuuliza wewe. Zile pole zako zilikuwa za nini?"

Wakili wetu alikohoa. "Meneja atajibu kwa kifupi. Ni neno la huruma."

Wote walinigeukia. Upande wangu wa kushoto Mjomba alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile aliyoivaa kwenye mahafali yangu. Alinitazama, akainua kidevu.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mkoba. Nilikuwa nimelibeba shati asubuhi bila kuamua nitalifanyia nini, nami nikalitoa, nikalisukuma mezani hadi karibu na vile vidole vitatu.

"Lilikuwa kwetu muda wote," nilisema. "Sikuupata uzi."

"Ongea kwa sauti," msuluhishi alisema. "Sijakusikia."

Feni ililalamika. Nilisikia pipi ya wakili ikigonga jino. Niliongea na fundi, sikuongea na meza.

"Mama, kibao kiliwekwa, halafu nikakiondoa mimi. Nilijua ngazi zina maji. Nilikuwa nakuomba msamaha."