Meza ya Madereva

Mimi nina tatizo moja: mambo ya moyoni siwezi kuyasema nikiwa nimemtazama mtu usoni. Niweke nyuma ya usukani, macho mbele barabarani, nitakumwagia mpaka siri za marehemu bibi yangu. Niketishe mbele yako na kikombe cha chai, nitaishia kukuambia habari za hali ya hewa. Ndiyo maana bosi alipotangaza kwamba tutamuaga Taratibu kwenye ile baa ya kifahari juu ya hoteli, nilikata shauri palepale. Sitagusa kilevi. Nitakwenda na gari. Tukimaliza nitamrudisha Taratibu kwake, na njiani nitamwambia kwamba nampenda.

Taratibu ni mwalimu mwenzangu kwenye shule ya udereva. Jina tumempa sisi, kwa sababu hata mwanafunzi akipanda ukingo wa barabara na kuelekea kwenye duka la watu, yeye husema tu, "Taratibu, mama, taratibu." Mimi hapo huwa nimeshapiga kelele hadi sauti imekauka. Jumatatu alikuwa anahamia tawi letu jipya, mji mwingine kabisa. Nisiposema usiku ule, basi tena.

Mdogo wangu, ambaye ni msusi, alinitengeneza nywele akanipaka na rangi ya mdomo.

"Dada, leo usinirudie hapa na hilo domo zege lako," akasema. "Ukirudi hujasema, nampigia simu mimi mwenyewe."

"Thubutu!"

"Haya, tutaona."

Baa yenyewe ilikuwa baa kweli. Taa za zambarau, kaunta ya marumaru, viti virefu ambavyo mtu mwenye gauni la kubana anavipanda kwa mahesabu. Upande wa pili wa ukuta wa vioo kulikuwa na baraza wazi ya wavuta sigara, na ndani dijei alikuwa kwenye jukwaa lake akipiga muziki wa kutikisa kifua. Mchanganyaji vinywaji, bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa, alikuja mezani kwetu mwenyewe.

"Karibuni sana. Leo nina kokteli ya tangawizi na asali, inatoka na moshi juu."

"Ina kilevi?" bosi akauliza.

"Lazima, mzee."

"Basi niletee maji ya limau. Mimi ndiye dereva, hawa wote nitawarudisha makwao."

Nikashtuka. "Hapana, bosi, wewe kunywa ufurahi. Dereva ni mimi."

"Wewe tena?" akadakia dada wa mapokezi wa shule yetu. "Mimi nimekuja na gari makusudi ili nyinyi walimu mpumzike!"

Mwalimu wa malori, jitu la miraba minne, akaweka funguo mezani. "Acheni ubishi. Nimekuja na basi dogo la shule. Tunaenea wote."

Nikamgeukia Taratibu, roho mkononi. Naye akatoa funguo mfukoni, polepole, akaziweka pamoja na zile nyingine. Yule bwana wa ndevu alizitazama funguo, akatutazama sisi.

"Kwa hiyo madereva mpo wote. Abiria ni nani?"

"Sisi ni walimu wa udereva," bosi akajibu, kama vile hilo linaeleza kila kitu.

Kutwa tunawahubiria wanafunzi: kabla ya kwenda kustarehe, chagueni mmoja asiyekunywa. Sisi wenyewe kila mtu alikuwa amejichagua kimyakimya. Tulicheka hadi meza za jirani zikageuka. Nilicheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa nimenywea. Mwanamume gani ataliacha gari lake hotelini eti apewe lifti?

Tukaletewa maji ya limau meza nzima, kwenye glasi za kifahari, na mnanaa juu ili tusijisikie vibaya.

Muziki ulipobadilika Taratibu akaniinamia. "Mwalimu, tucheze?"

Tulicheza vibaya sana. Yeye amezoea kumwongoza mtu, mimi nimezoea kumwongoza mtu, na hakuna aliyekubali kuwa mwanafunzi. Akinivuta kushoto, mimi nishakata kulia. Kila nikitaka kurudi nyuma nageuza shingo kwanza kuangalia kama njia ni nyeupe, naye vilevile, hadi msichana mmoja akatuuliza kama kuna mtu anatufuata. Hata hivyo sikumbuki lini nimewahi kufurahi kiasi kile. Nikaona hapa hapa, potelea mbali. Nikapiga moyo konde, nikamtazama usoni, nikafungua mdomo.

"Leo hakuna baridi," nikasema.

"Kweli," akasema. "Hakuna."

Ningeweza kujizaba kibao.

Tuliporudi mezani, bosi akagonga glasi na kumtaka Taratibu atuage. Akasimama. Akamshukuru bosi kwa kumlea kikazi. Akamtania mwalimu wa malori. Akamwambia dada wa mapokezi kwamba atazikosa kelele zake za asubuhi. Halafu akafika kwangu. Akanitazama, akasema, "Basi, asanteni nyote," akaketi.

Hata neno moja! Mtu niliyekuwa nikimpa nusu ya mkate wangu kila mchana! Machozi yakanilenga, na kwa kuwa sikutaka kulia mbele ya mwalimu wa malori, nilinyanyuka nikatoka zangu barazani.

Hazikupita dakika mbili, akanifuata.

"Mwalimu, umekasirika?"

"Nani, mimi? Nikasirike na nini?"

"Nimekuona."

"Umeniona sasa hivi? Wote umewaaga, mpaka mlinzi wa getini ulimuaga mchana, mimi umeniruka kama dimbwi! Wakati mimi nakupenda, mjinga wewe!"

Lilinitoka hivyo, bila usukani, uso kwa uso. Wavuta sigara wakageuka. Taratibu akashika ukingo wa baraza.

"Uhamisho niliomba mwenyewe," akasema.

"Nini?"

"Bosi hakunipangia. Niliomba. Kukaa ofisi moja na wewe kutwa, halafu jioni unabeba mkoba wako, 'Haya mwalimu, kesho,' unaondoka. Nilishindwa. Nikaona bora niwe mbali nisahau. Na pale mezani kukuaga kukanishinda pia."

"Yaani ulikuwa unanikimbia kwa sababu unanipenda?"

"Ndiyo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Mikono ikakosa la kufanya.

"Usiende," nikamwambia.

"Mabegi nimeshafunga."

"Yafungue."

Akageuka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatembea haraka, akaingia ndani. Nikamwona kupitia kioo akimwinamia bosi sikioni. Kwa muziki ule sikusikia chochote. Bosi akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kitu, Taratibu akatikisa kichwa kukataa. Akasema kingine, Taratibu akakataa tena. Mwishowe bosi akageuka, akanitafuta kwa macho hadi akanipata, akaninyooshea kidole cha "Kumbe ni wewe!" Halafu akaanza kucheka, mabega yote yanacheza, akampa Taratibu mkono.

Nikaangua kilio pale barazani. Mama mmoja nisiyemjua akazima sigara yake, akaja kunishika bega akiniuliza nani amenifanyia ubaya.