Namba ya Pili kwenye Fomu

Jumapili ile Oscar aliporudi kutoka Serengeti, mkewe Kandida hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Tulikuwa watu sita sebuleni kwao Olasiti, tunamenya ndizi za kupikia machalari kwa ajili ya kipaimara cha binti yao Blessing. Sote tukashika visu bila kumenya, tusikie vizuri.

"Baba Blessing, ile kampuni imekukimbia. Walipiga simu Alhamisi. Hawalikodi tena gari."

Oscar akakaa juu ya begi lake. Miaka kumi na minne alikuwa dereva wa watalii, akiendesha magari ya wenzake, ndipo akajitutumua kuagiza Land Cruiser mpya kabisa. Benki ilitoa mkopo, na benki ikashika hati ya nyumba. Nyumba yenyewe ni ya Kandida: kiwanja alipewa na marehemu baba yake, matofali aliyanunua kwa kuuza vitenge soko la Kilombero. Matumaini yote ya kulipa mkopo yalikuwa kwa kampuni moja iliyoahidi kulikodi gari msimu mzima.

"Tunafuta oda kesho asubuhi," Kandida akasema. "Hujakabidhiwa gari, kwa hiyo bado liko kwa wauzaji. Benki irudishiwe chake, mimi nirudishiwe hati yangu."

"Wakikataa?"

"Tunalichukua, tunamuuzia mzee Sakaya siku hiyo hiyo."

Hapo hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Mzee Sakaya wa Ngaramtoni alikuwa ameshauza madume yake ya ng'ombe, anatafuta Cruiser mpya ya shambani, na kuisubiri ni miezi. Mwenye gari jipya mkononi ndiye anayechagua mnunuzi.

Asubuhi tukaenda watatu, maana Kandida aliniambia, "Mama Brayson, twende wote. Nikianza kulia nani ataongea?" Pale wanapouza magari tukapokelewa na binti mpole anaitwa Princess. Akatusikiliza, akaangalia kompyuta yake.

"Oda inafutika mpaka gari litoke getini, mama. La kwenu lilitoka Ijumaa."

"Likaenda wapi?"

"Tulimpigia baba hapa siku mbili, hapatikani. Tukapiga namba ya pili kwenye fomu. Akaja na barua yenye sahihi ya baba, akalichukua."

Kandida akageuka taratibu. "Namba ya pili ni ya nani?"

Oscar akawa anasoma dari. "Ya Lengai."

"Lengai fundi?"

"Mke wangu, mimi niko porini, mtandao hakuna…"

"Na mimi nina simu mbili! Mbili, Oscar! Kwani umeoa fundi?"

Princess akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kwa asiyejua kazi za hapa mjini: gari jipya la utalii haliji nyumbani kwanza. Likitoka kwa muuzaji linanyooka hadi kwa fundi, linakatwa, linarefushwa, paa linafunguliwa ili wageni wasimame wamwone simba. Mafundi wana foleni kabla ya msimu, kwa hiyo madereva wanaacha maagizo kabisa: likifika, usinisubiri. Oscar aliacha maagizo hayo, pamoja na barua yenye sahihi, mwezi wa pili, na jana yake, wakati tunapanga kufuta oda, hayakumjia hata kichwani.

"Labda hajaanza," nikasema. "Jana si ilikuwa Jumapili?"

Simu ya Lengai iliita mpaka ikachoka. Kandida hakutaka kupoteza dakika, akampigia mzee Sakaya tukutane naye kule Sakina, kwenye gereji ya Lengai. Aliamini mzee akiliona tu gari, atatoa neno.

Mzee alitutangulia. Tulimkuta amesimama getini na fimbo yake, shuka juu ya koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lile ndilo?"

Tukachungulia. "Yelewi!" Kandida akapiga ukunga. Gari jeupe, viti bado vina nailoni, limekatwa kati kwa kati! Mbele iko huku, nyuma iko kule. Paa limeegemezwa ukutani kama bati la banda la kuku. Lengai akazima grenda, akavua miwani, meno yote nje.

"Chalii yangu Oscar! Tangu Jumamosi sijalala. Msimu unauanza nalo!"

Kandida alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mzee Sakaya akapita katikati ya gari, akaingilia kulia akatokea kushoto, kisha akarudi. Sijawahi kuona mnunuzi anakagua gari kwa kulivuka kwa miguu.

"Kijana wangu," akamwambia Oscar, "ng'ombe ukishamchinja, huniuzii tena kama mtamba. Mimi napakia samadi na maziwa, sipakii Wazungu." Akaaga, akaenda zake.

Oscar akachuchumaa kwenye vumbi la chuma. "Lengai, linarudi lilivyokuwa?"

"Kurudi linarudi. Ila mshono hauondoki, na kila mnunuzi atasema lilipata ajali. Nikilimalizia, watu wa utalii watalitaka, lakini siyo leo. Wote wameshapanga magari yao. Labda msimu ukiisha."

"Na benki inaanza kudai lini?" nikauliza.

"Mwezi ujao," Oscar akasema.

Nilijiandaa kumpokea Kandida akianguka. Hakuanguka. Akauachia mkono wangu, akapanda kwenye ile nusu ya mbele, akakaa kiti cha dereva, nailoni ikalalamika.

"Baba Blessing, njoo hapa."

Akaja.

"Wageni wangapi wamekupa anwani zao miaka yote hii?"

"Wengi. Ninazo kwenye daftari."

"Leo unawaandikia mmoja mmoja waje watembee na gari letu, nimekaa pembeni yako nasoma. Na kadi ya gari inakuja kwa jina langu. Nyumba iliyoshikwa ni yangu, na hili liwe langu."

"Kandida, jamani, mbele za watu…"

"Watu ndio ninaowataka! Mama Brayson, umesikia?"

Nilisikia. Mafundi wa gereji ya jirani waliojazana getini nao walisikia, na mmoja akapiga mluzi.

Oscar akajifuta uso kwa kofia. "Sawa," akasema.

Lengai akamtazama Oscar kwa mazoea. Oscar akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Tuweke viti vingapi, bosi?" fundi akauliza.

"Vyote vitakavyoenea," Kandida akasema, ameushika usukani wa nusu gari kwa mikono yote miwili.