Kofia ya Gego la Mama

Baba yangu alikuwa fundi meno kwa miaka thelathini na minne. Kofia ya jino, kifuniko kinachovikwa jino bovu, aliichonga kwanza kwa nta, akaimimina kwa chuma, kisha akaivika kauri kwa brashi nyembamba kama kope. Nilipokuwa mdogo nilijua amerudi kabla hajapiga hodi, kwa harufu ya nta iliyoungua.

Kofia ya gego la mama aliitengeneza mwaka niliozaliwa. Ikadumu hadi mwaka jana, kauri ilipobanduka na chuma kikabaki wazi. Mama akanifuata kimyakimya kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi.

"Usimwambie baba yako. Ataumia."

Lakini waliozeeka pamoja hawafichani. Kesho yake tu baba alimwona anatafunia upande mmoja, akaja naye.

Nilipitisha kamera ndogo kinywani mwa mama, jino likatokea kwenye kompyuta. Baba aliliangalia muda mrefu, akagusa kioo kwa kidole.

"Hapa nyuma palikuwa na kibonde. Nilikichonga makusudi. Ulimi wake umekizoea."

Mama akacheka. Nikakirudisha kibonde kwenye mchoro wa kofia mpya.

"Na itadumu?" baba akauliza.

"Vipimo vinaonyesha ina nguvu kuliko kauri yako, baba."

"Vipimo havitafuni, mwanangu."

Basi nikaiagiza mashine ichonge mbili, moja ya mama na moja ya baba ya kujaribia. Zikalala kwenye tanuri, na asubuhi baba alikuwa mlangoni na nyundo yake ya zamani. Akaiweka ile ya kwake juu ya kipande cha ubao, akaigonga. Akaigonga tena kwa nguvu. Ubao ukabonyea, kofia ikabaki nzima, haina hata ufa.

Akakaa kitini, nyundo mapajani.

"Ile ya mama yako ilinichukua siku nne," akasema. "Nilivunja mbili kwanza. Ningekuwa na mashine hii, macho yangu yangekuwa mazima bado."

"Ungeipenda kazi vilevile?"

Akafikiri. "Sijui. Nilipenda zile siku nne."

Mama alipovikwa yake aling'ata, akapapasa kwa ulimi, akaitikia kwa kichwa. Ina mwaka sasa na haijampa shida. Baba huja kila Jumanne, huvuta kiti karibu nami, na kioo changu cha kompyuta hakikosi alama za vidole vyake.